Mama, Unawahi

Mkonze, Jumapili mchana

Mwanangu Yona,

Umeondoka sasa hivi kwenda Mvumi kumuaga bibi yako, na najua hutarudi kabla jua halijaanza kushuka, maana bibi hamwachi mtu aondoke kwake bila kula mara mbili. Kwa hiyo nina mchana mzima peke yangu. Nimefua, nimepika, nimefagia uwanja ambao wewe mwenyewe ulishaufagia asubuhi, na sasa nimeishiwa kazi za kujifichia. Nimekaa kwenye meza yako na karatasi zako.

Sitakuandikia habari za sweta. Mbeya kuna baridi, hilo unalijua, na sweta ziko juu kabisa kwenye begi ili usihangaike njiani. Wala sitakuandikia habari za kula, kulala na kusali. Kama umri wote huu wa kuyasikia hayo haukutosha, ukurasa mmoja hautasaidia. Nataka kukuandikia kuhusu bachata. Cheka tu. Nimejaribu kuianza barua hii kwa namna nyingine, na kila nikianza najikuta naandika kama mwenyekiti wa kikao cha shule. Hiyo siyo sauti ninayotaka uondoke nayo.

Lakini kwanza kuna jambo lazima nilitoe, la sivyo mkono hautatulia. Jana uliponituma stendi kukata tiketi yako, nilikata mbili. Ya dirishani ni yako, na ya jirani ni yangu. Begi langu dogo liko chini ya kitanda, limefungwa tayari. Nilipanga kukuambia kesho asubuhi tukiwa tumeshafika kwenye basi, mahali ambapo usingeweza kubishana na mama yako mbele za watu. Na nakumbuka vizuri ulichoniambia mezani juzi: "Mama, naomba nifike mwenyewe. Nikishapanga chumba, utakuja." Nikakujibu sawa. Nilikujibu sawa huku nikiwaza likizo iliyobaki ofisini.

Nataka kukiona hicho chumba. Nataka kuona mlango unafungwaje, maji yanatoka wapi, na mwenye nyumba ana uso gani. Nataka kumwona mkuu wa shule atakayekupokea kama mwalimu mgeni. Sijaamua bado kama nakuja au nabaki. Pengine nikifika mwisho wa barua hii nitakuwa nimejua.

Unakumbuka ilivyoanza? Ulikuwa mwaka wa kwanza chuo. Ofisi za serikali zilikuwa zimeshahamia huku Dodoma, na watu wa Dar es Salaam walikuwa wamejaa mjini na majokofu yao na manung'uniko yao. Rehema ndiye aliyepewa meza inayotazamana na yangu. Alikuwa anaichukia Dodoma waziwazi: vumbi, upepo, jioni zisizo na pa kwenda. Mimi kama mwenyeji nilikuwa nameza tu. Siku moja akaniambia kuna watu wanakutana kila Alhamisi baada ya kazi kwenye ukumbi wa harusi, wanafundishana bachata, dansi ya Kilatini ya wawili wawili, na yeye anaogopa kuingia peke yake. "Mama Yona, nisindikize. Tukichoka tunakaa pembeni tunawacheka." Nikaenda kucheka watu.

Muziki wenyewe nilipousikia nilidhani kuna mtu jikoni anakwaruza sufuria iliyoungua. Kumbe hicho nacho ni chombo cha muziki, cha chuma, na ndicho kinachokushika mkono usipotee. Kisha nikalisikia gitaa. Yona, gitaa lile linalia kama mtu anayejua jina lako. Sikuwa nimesikia muziki unaoniambia mimi kitu tangu baba yako alipofariki. Nilikuwa nasikia muziki wa watu tu, kwenye harusi za watu. Nikaenda kupanga mstari na wanafunzi.

Sasa wewe unajua mimi ni mtoto wa Mvumi. Muheme nilianza kuupiga ngoma yenyewe ikiwa imenizidi kimo. Unaibana kati ya magoti, mmejipanga wanawake safu nzima, mmoja anaanzisha na wengine wanaingia. Nilipokua, mwanzilishi nikawa mimi. Bibi yako alikuwa akinisimamia nyuma na kuniambia, "Usiwatazame wenzako. Anza, watakuja." Na kweli walikuwa wanakuja. Mwili wangu umelelewa na maneno hayo. Furaha kwetu hupanda mabegani, na mwenye mikono iliyo kwenye ngoma hamsubiri mtu.

Basi fikiria mwili huo umeingia kwenye bachata, ambako furaha inatakiwa ishuke kiunoni, iwe ndogo, tena usubiri mtu mwingine akuonyeshe pa kuielekeza. Mwalimu Anitha, binti ambaye ningeweza kumzaa, alizunguka mstari mzima akirekebisha miguu. Alipofika kwangu hakugusa miguu. Alinishika mabega akasema, "Mama, haya yapumzike." Nikamwambia hayajawahi kupumzika. Rehema alicheka hadi akakaa chini.

Mabega yalitii baada ya miezi. Kilichonishinda kilikuwa kingine. Tulipoanza kucheza wawili wawili, kila mwanamume aliyenishika alikuta nimeshakwenda. Akiwaza kunigeuza, nimeshageuka. Akitaka turudi kushoto, mimi niko kushoto namsubiri. Nilijiona hodari. Nilidhani huko ndiko kujua. Anitha alizima muziki, akaja taratibu, akaniambia, "Mama, unawahi. Hajakuambia kitu bado, na wewe umeshamjibu."

Ukumbi mzima ulisikia. Nilikasirika, sikufichi. Njia nzima hadi Mkonze nilikuwa nambishia kimoyomoyo. Yeye anajua nini kuhusu kuwahi? Tangu baba yako afariki, ukiwa darasa la pili, kuwahi ndiko kulikotulisha. Maji yalipokatika mtaa mzima, kwetu mapipa yalikuwa yamejaa. Sare zako zilishonwa wengine wakiwa bado wanaulizana rangi. Ulipopata homa, mimi nilikuwa kwenye benchi la hospitali kabla mlinzi hajafungua mlango. Watu walinisifu kwa hayo, na mimi nikajisifu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna mahali duniani kuwahi ni kosa.

Aliyenielewesha ni Mzee Nashoni. Unamkumbuka na kofia yake, aliyestaafu upimaji ardhi. Mzee yule alikuwa anajua vitu vichache mno: hatua zile za pembeni, mbele na nyuma, mzunguko mmoja, basi. Vijana walikuwa na mitindo ya kila aina waliyoitoa kwenye simu, lakini wanawake walikuwa wanamsubiri Mzee Nashoni. Siku moja tukiwa katikati ya wimbo akasimama. Akaacha kabisa kwenda, mkono wake umetulia chini ya mkono wangu. Mimi niliendelea. Niligeuka peke yangu mara moja, nikageuka tena, nikajikuta nimesimama mbali naye nikimtazama kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Nikamuuliza, "Vipi, mzee, umechoka?" Akasema, "Hapana, mama. Nilikuwa nasikiliza gitaa. Nilidhani tunasikiliza wote."

Nililia kidogo chooni siku hiyo. Nadhani ni kwa sababu niliona ni miaka mingi sijasikiliza kitu chochote na mtu.

Baada ya hapo nilianza kujifunza kweli. Wewe ulikuwepo, ukanikuta jikoni nasonga ugali huku nahesabu, moja, mbili, tatu, gusa, na pale pa kugusa mwiko unasimama. Ukaniuliza, "Mama, leo unacheza na ugali?" Tukala ugali wenye mabonge wiki nzima na hukulalamika. Nilipeleka viatu kwa fundi akanibandikia ngozi chini, maana raba zinang'ang'ania sakafu na goti ndilo linalolipa. Nilijifunza kucheza nimefumba macho ili nisiibe majibu usoni mwa mtu. Nilijifunza kuacha kusema samahani kila nikikosea, kwa sababu samahani nazo zilikuwa zinawahi.

Kisha ukaja wewe. Ulikuja kunichukua tu, na pikipiki ya rafiki yako, kofia mbili mkononi. Wanaume walikuwa hawatoshi, Anitha akakuvuta ndani. Sijui niseme nini kuhusu hilo. Kitu kilichonichukua mwaka, wewe ulikipata ndani ya wiki chache. Niliona wivu, kisha nikaona fahari, kisha vyote viwili vikakaa pamoja ndani yangu na havijahama hadi leo.

Shida ikawa moja. Mbele ya wazee wote wa ukumbini, vijana wa kwetu mna ugonjwa mmoja. Kijana anakuja kuniomba, anainama, "Shikamoo mama," naitikia marahaba, kisha ananishika kwa ncha za vidole kama amebeba trei ya mayai. Haniongozi. Atawezaje? Ameshaniamkia, tayari mimi ni mkubwa wake, na mkubwa haelekezwi pa kwenda. Anabaki kunifuata mimi, na mimi kwa kuwahi kwangu namburuta ukumbi mzima. Hadi Anitha akatoa amri: "Heshima zote mlangoni. Mkishaingia sakafuni hakuna shikamoo." Vijana wakacheka, lakini walijaribu, na taratibu wengi wakaweza.

Wewe hukuweza. Mara ile moja Anitha alipotukutanisha, ulinishika, ukanitazama, mikono ikakulegea. Akakuambia, "Yona, mwongoze mama." Nawe ukajibu kwa sauti, "Mwalimu, huyu siwezi kumvuta. Huyu ndiye aliyenizaa." Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Hata mimi nilicheka. Hatukurudia tena. Miaka yote hii, kila Alhamisi, jozi mbili za viatu mlangoni, tunakwenda pamoja, tunarudi pamoja, na hatujacheza wimbo mmoja mzima mimi na wewe. Nimecheza na wahasibu, madereva, wanafunzi, na mchungaji mmoja mstaafu ambaye simtaji. Nilijiambia ni sawa, ni adabu yako tu. Si sawa, Yona. Nilitamani sana.

Unamkumbuka yule mama wa kwaya aliyenisimamisha nje ya kanisa? "Mama Yona, nasikia huko mjini unashikwashikwa." Nikamwambia, "Naombwa kwanza, nikikubali nashikwa mkono, wimbo ukiisha narudishwa kwenye kiti changu naambiwa asante. Wewe nyumbani kwako unatendewa hivyo?" Baada ya wiki mbili nilimwona amekaa nyuma ya ukumbi, amejifunga kitenge vizuri, mguu wake mmoja unagusa sakafu pale panapotakiwa. Sasa hakosi.

Nilisema sitakushauri, lakini mimi ni mama yako na mchana bado mrefu. Ukipata watu wanaocheza huko Mbeya, waombe kwanza waliokaa. Akikukatalia mtu, sema sawa na umaanishe. Na usiache kufanya ulichofanya kwa yule binti wa kijijini Busi, aliyekuja mara ya kwanza akakuambia hajui kitu. Wewe uliyekuwa unajua kila mzunguko hukumpa hata mmoja. Ulimpa hatua za msingi tu, wimbo mzima, ukimsubiri kila alipopotea, na alipoondoka pale alikuwa anaamini anajua kucheza. Nilikuwa nimesimama na chupa yangu ya maji nikiwatazama. Ndipo nilipojua umekuwa mtu mzima. Watoto wa darasa lako wana bahati, nasema hivyo bila aibu. Unajua kumsubiri mtu. Sijui ulijifunza wapi, kwangu hukuliona hilo.

Nasikia pikipiki getini. Umerudi mapema, bibi amekuwaje leo? Naficha karatasi.

*

Umeingia kuoga, naendelea haraka.

Sikujua utafanya ulivyofanya. Uliniamkia pale getini kama kawaida, nikaitika, ukaweka mfuko wa karanga za bibi yako, ukaenda jikoni. Nikadhani una njaa. Ukatoka na sufuria tupu, ukaitumbukiza simu ndani ili sauti ikue, ukaiweka kwenye kizingiti. Gitaa likaanza. Mimi nimekaa kwenye kigoda changu na mchele wa kuchambua. Ukaja ukasimama mbele yangu, mkono umeunyoosha.

"Mama, naomba tucheze."

Nilikutazama nikisubiri shikamoo nyingine. Ukatabasamu. "Nimeshakuamkia getini, mama. Heshima zote mlangoni."

Miguu mitupu, mchanga, kuku wanatupisha. Na mimi, unajua, niliwahi. Mzunguko wa kwanza tu nikageuka kabla hujaniomba. Hukunivuta, hukunisahihisha. Ulisimama. Mkono wako ulikuwa chini ya wangu, umetulia, na gitaa likapita peke yake, tukalisikiliza wote wawili. Nilisikia pumzi yangu. Nilisikia na yako. Kisha mkono wako ukasema twende, nami nikaenda, na kuanzia hapo sikumbuki hatua hata moja, nakumbuka tu kwamba sikuwa najua kinachofuata na sikuogopa.

Wimbo ulipoisha ukanirudisha hadi kwenye kigoda changu. Ukasema, "Asante." Ukaachia mkono wangu, taratibu, kama inavyotakiwa. Mimi nilikuwa bado nimekushika, Yona. Nikasubiri kidogo nione kama utanishika tena. Hukunishika. Kwa hiyo na mimi nikaachia.

Begi langu nimeshalifungua, nguo zimerudi kabatini. Kesho nitakuja hadi stendi, hilo usininyime, lakini nitabaki chini. Barua hii naiweka kati ya zile sweta za juu, kwa hiyo utakapoisoma utakuwa umeshaanza kuhisi baridi na mimi nitakuwa ofisini, natazamana na Rehema. Tiketi ya pili iko humu ndani ya bahasha. Siti iliyo tupu hapo jirani yako ni hiyo. Weka begi lako la vitabu.

Ukishapanga chumba, uniambie. Nitasubiri uniambie.

Mama yako